Mtazame Mtoto Kabla ya Daftari Lake

Hotuba hii niliitoa mbele ya walimu wa shule za msingi na wazazi, hapa Mbeya mjini. Naiweka yote kama nilivyoisema, kwa ajili ya wenzetu wa Makete, Ileje na Kilolo ambao hawakuweza kufika.

Wazee wetu mlioketi mbele, shikamooni. Walimu wenzangu, wazazi, habari za asubuhi. Ndugu zetu wa Iringa na Njombe mliopanda basi tangu alfajiri, kamwene.

Nimeombwa nizungumze juu ya ubongo. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.3 hadi 1.4 hivi. Ni kama asilimia 2 tu ya mwili, lakini mwili ukiwa umetulia wenyewe unakula karibu asilimia 20 ya nishati yote. Una seli za neva zipatazo bilioni 86. Hesabu hizo ni nzuri kuzijua, lakini hazikuwatoa nyumbani leo. Mimi nina swali moja kwenu. Mtoto anapoingia darasani akakutazama, ubongo wake unafanya nini? Na wako je, unafanya nini unapomtazama? Na usipomtazama?

Tuanze na uso wa mtu. Mwaka 1975 watafiti nchini Marekani waliwaonyesha watoto wachanga michoro ya aina mbalimbali. Mmoja ulikuwa uso uliokamilika. Mingine ilikuwa na macho, pua na mdomo vilevile, ila vimevurugwa, kila kimoja kimewekwa pasipo pake. Watoto wale walikuwa na umri wa dakika chache tu tangu kuzaliwa. Dakika, ndugu zangu, si siku! Waligeuza kichwa na macho kuufuata ule uso uliokamilika kuliko michoro mingine. Nani alikuwa amewafundisha? Hakuna. Mtoto anakuja duniani akiwa tayari anatafuta uso wa mtu.

Ubongo wa mtu mzima una sehemu maalumu za kazi hiyo. Mwaka 1997 Nancy Kanwisher na wenzake walionyesha kuwa kuna eneo upande wa chini wa ubongo, kuelekea nyuma, hasa upande wa kulia, linaloshtuka zaidi mtu anapoona uso kuliko anapoona nyumba au kitu kingine. Vipimo vya umeme wa ubongo vinaonyesha kwamba uso huanza kutofautishwa na vitu vingine kwa muda wa milisekunde 170 hivi, yaani chini ya moja ya tano ya sekunde. Kabla hujamaliza kuitikia "marahaba," ubongo wako umeshafika mbali.

Basi mtaniuliza: kama kazi hiyo inafanyika haraka namna hiyo, tena yenyewe, kwa nini tunashindwa kuona kwamba mtoto ana hofu? Kwa nini mtoto anakaa na jambo zito muhula mzima, mbele yetu, na sisi tunashtuka siku alipoacha shule?

Kuna mama mmoja wa Marekani ambaye wanasayansi wanamtaja kwa herufi mbili tu, S.M., ili kumhifadhia siri yake. Ana ugonjwa wa kurithi unaoitwa Urbach-Wiethe, ambao hutokea kwa watu wachache sana. Kwake yeye ugonjwa huo uliharibu sehemu ndogo mbili zilizoko ndani ya ubongo, moja kila upande, zenye umbo linalofanana na lozi. Zinaitwa amigdala. Akili yake ni timamu, anazungumza vizuri, anacheka, amelea watoto wake. Lakini mwaka 1994 Ralph Adolphs, Antonio Damasio na wenzao walieleza jambo la ajabu juu yake. Ukimwonyesha picha ya uso wenye furaha, anakwambia ni furaha. Ukimwonyesha uso wenye hofu, haujui. Anaona sura ya mtu, hofu haioni. Miaka ya baadaye walimpeleka kwenye duka la kuuza nyoka na buibui, akawa anataka kuwashika.

Wengi walihitimisha hapo: amigdala ndiyo inayotambua hofu, imeharibika, basi yamekwisha. Lakini mwaka 2005 Adolphs na wenzake walipima macho ya S.M. yanakwenda wapi anapotazama picha. Wakagundua kwamba hatazami macho ya mtu. Anatazama mdomo, anatazama pua, macho anayaacha. Na hofu imeandikwa wapi usoni? Kwenye macho. Wakamwambia neno moja tu: tazama macho. Akatazama macho, akaitambua hofu kama watu wengine wote.

Nirudie, maana hapa ndipo ilipo hoja yangu yote. Mama huyu uwezo wa kuitambua hofu alikuwa nao bado. Kilichokosekana ni ile kazi ya kuyapeleka macho mahali panapohusika. Alipoambiwa "tazama macho," aliona. Walipoacha kumwambia, akarudia hali yake ya zamani. Kila mara ilibidi aambiwe upya. Tazama macho. Tazama macho.

(Niongeze jambo moja kwa haki ya sayansi. Mwaka 2013 watafiti walimpa mama huyu avute hewa yenye kaboni dayoksaidi nyingi, akashikwa na woga mkubwa. Kwa hiyo mtu akikwambia amigdala ndiyo "kiti cha hofu," mwambie mambo ni mapana kuliko hivyo.)

Sasa sisi tuliomo humu ukumbini amigdala zetu ni nzima. Je, macho yetu yanakwenda wapi asubuhi? Watoto wanasimama, "Shikamoo mwalimu!" Tunaitikia marahaba, kaeni, na tayari tumegeukia ubaoni kuandika tarehe. Dakika zile ambazo nyuso 80 zote zinatutazama, sisi tunatazama chaki.

Sisemi hivi kwa kulaumu. Nafahamu darasa lenye watoto 80, lenye 90, madawati hayatoshi, silabasi haisubiri, na mkaguzi anataka andalio la somo. Uangalifu wa binadamu una kikomo. Kikomo hicho hakiondolewi na upendo wala na utaalamu. Mwaka 2013 watafiti waliwapa wataalamu 24 wa mionzi picha za mapafu, wakawaambia watafute vinundu vya saratani. Kwenye picha mojawapo walibandika picha ya gorila, kubwa mara 48 kuliko kinundu cha kawaida. Wataalamu 20 kati ya 24 hawakumwona gorila. Na vifaa vya kufuatilia macho vilionyesha kuwa wengi wao macho yao yalipita palepale alipo. Hawa ni watu ambao kazi yao, mshahara wao, ni kutazama picha! Lakini walikuwa wanatafuta vinundu, na ubongo ukawapa vinundu.

Mwalimu anayesahihisha madaftari 80 usiku anatafuta makosa ya hesabu. Ubongo utampa makosa ya hesabu. Hautampa kwamba mwandiko wa mtoto huyu umebadilika tangu wiki iliyopita, wala kwamba kurasa mbili zina alama za machozi. Vyote viko mbele ya macho. Hakuvitafuta, basi.

Na mtoto naye anapambana na kikomo hichohicho. Ndani ya soko la Mwanjelwa siku ya pilikapilika, redio hapa, mnadi nguo pale, makondakta nje wanaita abiria. Mtu akitaja jina lako, kichwa kinageuka. Mwaka 1959 Neville Moray wa Uingereza alilipima jambo hili. Aliwasikilizisha watu maneno tofauti kwenye kila sikio, akawaambia wafuate sikio moja tu. Yaliyosemwa kwenye sikio la pili hawakuyajua kabisa, isipokuwa kama theluthi yao walilisikia jina lao lilipotajwa humo. Jina la mtu linapenya. Sasa mtoto wa dawati la nyuma tunamwitaje? "Wewe wa nyuma." "Wewe mtoro." Tuna njia iliyo wazi ya kuufikia ubongo wa mtoto, tena ya bure, halafu hatuitumii.

Wazazi, na ninyi msidhani mmepona. Mtafiti anayeitwa Edward Tronick pamoja na wenzake walichapisha mwaka 1978 jaribio la akina mama na watoto wao wa miezi michache. Mama anacheza na mtoto, wanachekeana. Kisha mama anaambiwa abaki palepale, amtazame mtoto, ila uso wake usioneshe chochote. Mtoto anatabasamu ili mama atabasamu. Hakuna. Anajaribu tena. Hakuna. Mwishowe anageuza uso, anajikunyata peke yake. Mama hajaondoka, hajampiga, hajamfokea! Yupo mbele yake. Mtuambie sasa: jioni, moto umewaka, chakula kiko mezani, mtoto anaeleza habari za shule na uso wa mzazi uko kwenye simu. Huyo mtoto yuko na nani?

Nije kwenye jambo linaloniuma zaidi. Ubongo hausomi uso kama mtu anavyosoma maandishi ya ubaoni. Unakisia. Waliopita barabara ya Uyole kwenda Tukuyu asubuhi ya ukungu, kule Isyonje, wanajua dereva anavyofanya: anaona taa mbili hafifu, na kwa uzoefu wake anaamua kama ni lori au basi dogo, kama linakuja au limesimama. Ubongo mbele ya uso wa mtu ni dereva yule. Unapata dalili chache, mengine unajazia kwa yale yaliyokwisha kukupata maishani.

Je, mtoto ambaye maishani mwake yaliyompata ni kipigo, anajazia nini?

Seth Pollak wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, amelichunguza swali hilo kwa miaka mingi. Katika kazi aliyoichapisha na mwenzake mwaka 2002, watoto walionyeshwa nyuso zilizofifishwa sana, kisha zikawa zinaongezwa uwazi kidogo kidogo. Watoto waliokuwa wakipigwa na kuumizwa nyumbani waliitambua hasira mapema kuliko wenzao, picha ikiwa bado haieleweki vizuri. Hasira, si hisia nyingine. Na katika utafiti mwingine wa mwaka huohuo, nyuso zilizochanganya hasira na hisia nyingine waliziweka upande wa hasira kwa wepesi zaidi.

Nani humu hajamwona mtoto huyo? Mwalimu ananyanyua mkono kufuta ubao, na mtoto wa dawati la mbele anakinga kichwa. Darasa zima linacheka. Mwalimu anasema, "Mbona hata sijakugusa?" Ni kweli hujamgusa. Lakini ubongo wake umejifunza kazi yake vizuri sana, huenda kuliko somo lolote ulilomfundisha. Umejifunza kuiona hasira ikiwa bado mbali. Na uangalifu una kikomo, tumekubaliana. Ule unaotumika kuuchunguza uso wako, hautumiki kwenye sehemu na desimali. Mnamwita mzito. Mimi nawaambia kichwa cha mtoto yule kinafanya kazi kuliko vyote darasani, tangu kengele ya asubuhi hadi ya kutoka.

Sikuja kujadili kanuni za viboko, mnazijua kuliko mimi. Nimekuja kuwaambia kinachotokea ndani. Fimbo inayolala juu ya meza siku nzima bila kutumika, nayo inafundisha. Inafundisha macho ya watoto mahali pa kutazama.

Kukisia huko kunatupotosha na sisi. Kuna shule moja katika nyanda hizi, siitaji, fedha za mchango wa uji zilipotea. Watoto wakasimamishwa mstarini. Binti wa darasa la nne alipoulizwa akainamisha uso. Mwalimu akaamua papo hapo: mwizi ni huyu, asiye na hatia angenitazama usoni. Binti aliadhibiwa mbele ya wenzake. Siku mbili baadaye fedha zilikutwa kwenye mfuko wa koti la mtu mzima aliyezikusanya.

Ndugu zangu, sisi ndio tunaowafundisha watoto kumwinamia mkubwa! Bibi zetu wa Unyakyusa walikuwa na heshima kali zaidi: mkamwana hakumtazama baba mkwe wake hata kidogo, wala hakulitaja jina lake. Wahehe na Wabena nao, mtoto wa adabu hamkodolei macho mzee. Tunamlea hivyo miaka saba, kisha anaingia shuleni na tunageuza sheria ghafla: usiponitazama, wewe ni mwongo. Afanyeje?

Tena si heshima peke yake. Huko Uskoti, katika Chuo Kikuu cha Stirling, Gwyneth Doherty-Sneddon na wenzake waligundua kuwa watoto wakiulizwa swali gumu hugeuza macho pembeni, kwa sababu uso wa mtu una habari nyingi mno na wanataka nafasi ya kufikiri. Watoto wa miaka mitano walipozoezwa kutazama pembeni wakati wa kufikiri, majibu yao yakawa bora. Mara ngapi tumemwambia mtoto "nitazame mimi, jibu haliko darini," na hapo ndipo tulipomkata? Na mtoto mwenye usonji, kutazamana jicho kwa jicho kunaweza kumchosha au kumuumiza kabisa.

Kwa hiyo nawaomba mlishike hili sawasawa. Nimesema tazama macho. Nimekwambia wewe, mwalimu. Wewe mtazame mtoto. Usimlazimishe yeye akutazame. Mtazame anapoingia, anapokaa, anapokula uji, anapocheza. Mlinganishe na yeye mwenyewe wa jana. Binti aliyeinama leo, je, huinama kila siku? Kama ndiyo, hiyo ni adabu yake. Kama sivyo, hapo pana jambo, na jambo hilo linaulizwa faragha, si mstarini.

Na ukishaona, ufanye nini? Hapa nitasema machache, lakini yanatuhusu sana watu wa mikoa hii. Njombe, Iringa na Mbeya kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa mikoa yenye maambukizi makubwa ya VVU nchini. Mnajua maana yake darasani: watoto wanaolelewa na bibi, watoto waliokwisha kuzika mzazi kabla ya kujua kuandika herufi kubwa. Mtoto anarudi shule baada ya msiba, tunampa pole, kisha tunamwambia jikaze. Mvulana tunamwongezea: wewe ni mwanaume.

Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake waliwaonyesha watu nyuso zenye hasira na hofu huku wakipima ubongo. Mtu alipochagua neno la kuitaja hisia aliyoiona, amigdala ilipunguza mshtuko wake, na sehemu ya mbele ya ubongo, inayosaidia kujitawala, ikafanya kazi zaidi. Kuitaja huzuni hakuizidishi, jamani. "Naona leo una huzuni. Unamkumbuka mama?" Maneno sita hivi, pembeni ya darasa, kwa sauti ya chini. Mwache alie kama analia.

Na pasipo maneno, kuna kuwa karibu. James Coan na wenzake, mwaka 2006, waliwapima wanawake 16 walioolewa, huku wakiwaonya kwamba watapigwa shoti ndogo ya umeme mguuni. Aliyeshika mkono wa mume wake, ubongo wake ulitulia zaidi. Aliyeshika mkono wa mtu asiyemjua naye alitulia kiasi, ila si kama yule. Akina mama wa kwetu wanaokaa mkekani msibani, bega kwa bega, kimya, walikuwa wanalijua hilo kabla ya mashine yoyote.

Lakini mwalimu si daktari. Mtoto ambaye wiki zinapita hali chakula, halali usingizi, hachezi, au ambaye unaona dalili za kuumizwa, asibaki siri yako. Mpeleke kwa afisa ustawi wa jamii, au kitengo cha afya ya akili hospitalini. Ipo pia simu ya msaada kwa mtoto, namba 116, haina malipo. Iandikeni ukutani, mahali watoto wanapoweza kuisoma bila kuonekana wanaisoma.

Kabla sijaingia humu, mwalimu mmoja amenipa karatasi ameandika: "Mimi nina watoto 94. Nitawatazamaje wote?" Swali la haki kabisa. Jibu langu ni hili: huwezi, na usijaribu. Ukitaka kuwatazama 94 kwa siku moja utarudi kutazama chaki. Tazama 5. Asubuhi, unapoandaa somo, andika majina 5 pembeni ya andalio. Siku hiyo, watoto hao uwaite kwa majina yao, kila mmoja angalau mara moja, na utazame sura zao wanapojibu na wanapotoka nje. Ukiona kitu, kiandike kwa neno moja. Kesho, wengine 5. Watoto 94 wanaisha kwa siku 19 za shule, haijafika hata mwezi mmoja. Halafu anza upya, maana S.M. naye kila mara ilibidi akumbushwe.

Na wale watulivu, wasiosumbua, wasiokosea sana, waweke kwenye orodha ya wiki ya kwanza. Wasumbufu macho yako yanawafikia yenyewe.

Nashukuru kwa kunisikiliza. Sasa maswali. Tuanze na walimu wa darasa la kwanza, kisha wazazi, na tafadhali sema unatoka wapi na darasani una watoto wangapi.